Kanali wa Mageti

Mulinge alikuwa na jino moja la chuma, na alilitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ni vizuri kulijua hilo mapema, kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Alipokuwa kijana, wanajeshi walikuja uwanja wa Voi kuandikisha makurutu. Mulinge alikimbia, akaruka, akapimwa kifua na urefu, kote akapita. Mwishowe akaambiwa afungue mdomo. Jino moja la mbele halikuwepo. Punda wa jirani alikuwa amelitoa kwa teke Mulinge akiwa darasa la tano. Jeshi halichukui mapengo, akaambiwa, nenda nyumbani. Mtu mwingine angeenda na kukaa. Mulinge alisubiri zoezi la mwaka uliofuata, akakata kijiko cha mama yake, akakipiga tupa mpaka kikapata umbo la jino, akakibana pale penye pengo, akarudi uwanjani akitabasamu kama bwana harusi. Ofisa akaligonga lile jino kwa kalamu. Likalia ting.

"Kijana," ofisa akasema, "wewe nenda ukatengeneze vijiko."

Makurutu wote walicheka, na wauza mayai waliokuwa nje ya ua wakacheka pia bila hata kujua kilichosemwa. Mulinge akaondoka na jino lake. Vijiko hakutengeneza. Alitengeneza mageti.

Miaka ikapita, kichwa kikaota mvi, na Mulinge akawa ndiye mtu wa chuma Voi nzima. Karakana yake iko kando ya barabara ya Mombasa. Ukiona geti lenye simba anayefanana na mbuzi, hilo ni lake, na usithubutu kumwambia hivyo mbele ya wateja. Watu hushuka kutoka Wundanyi na Mwatate kuja kuagiza madirisha kwake. Alimwoa Tryphena, binti wa Kidawida kutoka milima ya Taita ambaye hana subira na upuuzi, wakajenga nyumba kubwa upande wa Mbololo, wakapata mtoto mmoja, Shanice. Alikuwa na kila kitu ambacho mtu angeomba, ila kimoja: hakuna mwanajeshi aliyewahi kumpigia saluti. Jambo hilo lilimkwama kooni miaka yote, na kicheko cha ule uwanja hakikuwahi kumtoka masikioni.

Pale karakana palining'inia kipande cha reli. Baba yake Mulinge alitoka Ukambani akaja Voi kufanya kazi kwenye gengi la reli, na siku aliyostaafu wakubwa wake walimpa kipande cha reli ya zamani, kwa kuwa saa za kuwapa wastaafu zilikuwa zimeisha. Mulinge alikifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, kikawa kengele. Na kengele hiyo ilikuwa na sheria moja. Stima ya Voi, umeme wenyewe, huenda na kurudi inavyojisikia. Ikipotea, mafundi hukaa chini wakanywa chai. Ikirudi, Mulinge hupiga reli, na hapo kila mtu hutupa kikombe, akashika kilicho karibu naye na kuanza kugonga, kukata na kusaga, mbio mbio, kabla haijapotea tena. Reli ikilia, hakuna kuuliza. Kuna fundi mmoja aliwahi kuuliza. Siku hizi anauza miwa.

Ubavuni mwa reli hiyo kulikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyejali kuyasoma, mpaka siku ile Mwalimu Zephaniah alipokuja kuulizia dirisha lake. Mwalimu alikuwa amefundisha historia maisha yake yote, na kwake kitu chochote chenye kutu kilikuwa na habari. Alivaa miwani, akainama.

"LUDLAM, SHEFFIELD, 1896," akasoma. "Mulinge, unajua huyu ni nani?"

"Si ni mtu wa reli tu."

"Mtu wa reli tu! Huyu ni Barnaby Ludlam. Nilimsoma chuoni."

Na Mwalimu, ambaye tangu astaafu hakuwa amepata darasa la kumsikiliza, alikaa juu ya mkebe wa rangi akaanza. Ludlam alikuwa mtu wa enzi za Malkia Victoria, mtoto wa mhunzi, nyumba ya chumba kimoja. Alianza na nyundo ya baba yake, akaishia na kiwanda cha chuma kilichofunika mji mzima kwa moshi, akatengeneza reli zilizotandazwa mpaka India, mpaka Argentina, mpaka hapa Voi. "Lakini subiri," Mwalimu akasema. "Nchi yao ilipoogopa kuvamiwa na Wafaransa, Ludlam aliwakusanya wafanyakazi wake mwenyewe, akawashonea sare kwa pesa zake, akawa anawafanyisha gwaride uani mwa kiwanda kila Jumamosi. Jeshi la kujitolea. Na yeye, fundi wa chuma ambaye hakuwahi kukanyaga chuo cha kijeshi, akafanywa Kanali. Kanali kabisa, wa kupigiwa saluti."

Mulinge alikuwa ameshika ile reli kwa mikono miwili.

"Meno yake yalikaguliwa?" akauliza.

Mwalimu alifikiri. "Historia haisemi."

"Basi hayakukaguliwa," Mulinge akasema, na kuanzia saa hiyo Voi ikapata Kanali.

Adui hakuwa shida kumpata. Wafaransa hawafiki Mbololo, lakini tembo wanafika. Ukame ulikuwa umekaza, na tembo walikuwa wakitoka upande wa ranchi ya Ndara kuja kula mahindi na ndengu za watu na kupasua matangi ya maji. Jumapili moja Mulinge alisimama kanisani, baada ya matangazo ya harambee, akatangaza kwamba Jeshi la Kujitolea la Mulinge litalinda mashamba ya majirani wote bila malipo. Watu walipiga makofi. Mafundi wake sita, waliokuwa wameketi benchi la nyuma, ndiyo kwanza walikuwa wanasikia kwamba wamejitolea.

Sare zilileta shida kidogo. Mwalimu alikuwa amesema askari wengi wa enzi zile walivaa makoti mekundu, na Mulinge alikuwa na rangi nyekundu tele, ile redoksaidi ambayo mafundi hupaka chuma kisishikwe na kutu. Alizichovya ovaroli zote ndani ya pipa. Zilipokauka zilikuwa ngumu kuliko mlango. Zilisimama uani zenyewe, zimejipanga mstari, bila mtu ndani. Kaloki, fundi mkuu ambaye sasa aliitwa Sajini, mtu mrefu wa maneno machache, alizizunguka mara moja.

"Bosi, hawa wako sawa," akasema. "Wacha tu waende bila sisi."

Mulinge mwenyewe alishonewa koti la kanali. Mabegani alijiwekea nyota alizokata kwa grainda, ile mashine ya kukatia na kusagia chuma, kutoka kwenye bamba, akazifunga kwa bolti na nati. Tryphena alimuuliza ni nyota ngapi humfanya mtu kanali. Akasema hana uhakika, ndiyo maana ameweka za kutosha.

"Baba Shanice," Tryphena akasema, "siku ukianguka mtoni na hilo koti, sisi hatutakutafuta. Tutaleta sumaku."

Mkakati wa jeshi ulikuwa hivi. Filimbi ya kwanza, kujipanga. Ya pili, kunyamaza. Ya tatu, kusonga mbele kwa hatua, kila mtu na bomba lake la chuma begani. Kelele zilipigwa marufuku. Watu wa Mbololo walikuwa wakifukuza tembo kwa madebe na masufuria tangu zamani, lakini Mulinge alisema hizo ni fujo za raia. Jeshi humkabili adui kwa nidhamu. Tembo waliipenda sana hiyo nidhamu. Walikuja, wakala kwa utulivu, na filimbi ya tatu ikawa inalia wakiwa wameshaenda zao. Mama Kavinya, mjane jirani ambaye shamba lake linapakana na la Mulinge, alisimama katikati ya mabua yaliyolala akasema mbele ya watu.

"Mulinge, hawa tembo wamekula mahindi yangu wakiwaangalia. Wakati wa masufuria angalau walikuwa wanakula wakikimbia."

Maneno hayo yalizunguka Mbololo yote kabla ya jua kutua. Mulinge aliyasikia na hayakumuuma sana, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwingine. Shanice alikuwa amemaliza mafunzo ya uofisa jeshini. Binti yake sasa alikuwa Luteni. Meno yake yote yalikuwa pale pale Mungu alipoyaweka. Mulinge alikuwa amehakikisha hilo tangu utotoni, na hakuna punda aliyeruhusiwa hata kupita mbele ya geti lao. Jumamosi Shanice angekuja likizo. Na Jumamosi hiyo hiyo kungekuwa na gwaride kamili, na mwisho wa gwaride, mbele ya majirani wote na Mama Kavinya wao, ofisa wa kweli wa jeshi la Kenya angempigia Mulinge saluti.

"Umemwambia?" Tryphena alimuuliza Ijumaa wakipanga viti.

"Haambiwi. Ni mwanajeshi, akiona atajua."

"Na akikuonea aibu je?"

Mulinge alipanga kiti kimoja, akakipangua, akakipanga tena. Hilo ndilo swali alilokuwa akilikwepa wiki nzima. Angeweza kuvumilia kuchekwa na Mbololo, na Voi, na Taita Taveta nzima mpaka mpakani. Kuchekwa na mtoto wake hangeweza. Aliingia bafuni akasugua lile jino kwa majivu mpaka likang'aa.

Jumamosi ikafika. Uani palikuwa na jukwaa la chuma lenye paa la mabati, zito kiasi kwamba lilizama ardhini kidogo, na juu yake kitambaa kirefu kilichoandikwa KARIBU NYUMBANI LUTENI. Mulinge alikuwa ameileta reli kutoka mjini kwa pikapu na kuitundika kwenye jukwaa, kwa sababu Kanali Ludlam hangekosa siku kama hiyo. Kaloki alikuwa akichomelea ngazi ya jukwaa mpaka dakika ya mwisho. Jenereta, grainda, nyundo na kofia yake ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi cha kufunua, vilibaki pembeni. Tangi la maji nyuma ya nyumba lilikuwa limejazwa pomoni kwa ajili ya wageni.

Shanice alishuka kwenye bodaboda amevaa dera na ndara, kichwa wazi, nywele zimekatwa fupi. Alimkumbatia mama yake, akawasalimu majirani mmoja mmoja kwa mkono, akainua macho. Akamwona baba yake juu ya jukwaa. Akaziona nyota. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hapo Mulinge akajua kweli wamemfundisha.

Filimbi ikalia. Jeshi la Kujitolea likaingia. Ovaroli zilikataa kukunja magoti, kwa hivyo mafundi sita walitembea kwa kujizungusha kiunoni, na kila hatua rangi ililia kra, kra. Walipoamriwa kugeuka kulia, Kaloki aligeuka kulia na sare yake ikabaki ikiangalia mbele. Majirani walikuwa wameziba midomo kwa leso. Mulinge hakuona. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya binti yake, kifua mbele, mikono ubavuni, akangoja.

Shanice alisogea karibu.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "sisi hatupigi saluti bila kofia."

"Hata kidogo?"

"Hakuna kidogo, baba. Kichwa wazi, hakuna saluti. Ndiyo sheria." Akashusha sauti zaidi. "Na hizo nyota. Raia kuvaa cheo cha jeshi ni kosa. Mtu akipiga picha ifike kwa wakubwa wangu, itakuwa maneno. Tafadhali zitoe."

"Kanali Ludlam alivaa," Mulinge akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ludlam ni nani?"

Mwalimu Zephaniah, aliyekuwa kiti cha mbele, hakungoja kualikwa. Alisimama akaeleza yote: mhunzi, nyundo, reli, sare, Kanali. Shanice alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Na alipigana vita gani, Mwalimu?"

Mwalimu alikohoa. Mulinge akageuka kumtazama. Muda wote huo, pamoja na kumpenda yule mzee wa Sheffield kama babu yake, hakuwahi kuuliza.

"Kwa kweli," Mwalimu akasema, "hakupigana. Wafaransa hawakuja. Walifanya gwaride miaka mingi, wakalenga shabaha, wakala karamu. Kuna mara moja mvua iliwanyeshea vibaya sana."

Mtu mmoja alicheka. Halafu wengine. Hakikuwa kicheko kibaya. Majirani walimpenda Mulinge na wangekula chakula chake baada ya nusu saa. Lakini Mulinge alisikia kile kicheko kingine, cha uwanja wa Voi, na akasikia jino likigongwa kwa kalamu. Aliona haya. Mbaya zaidi, Shanice hakucheka. Alikuwa akimtazama kwa huruma, na huruma ya mtoto ni chungu kuliko shubiri.

"Kaloki," akasema, "niletee spana namba nane."

Akaanza kufungua nyota, hapo hapo, mbele ya watu. Nati ya kwanza ilikuwa imeshika kutu. Watu wote wakamtazama Kanali akijivua cheo kwa spana.

Amemaliza bega moja tu, ikasikika sauti ya Mama Kavinya kutoka mbali.

"Kuna mtu!"

Watu wakageuka. Mama Kavinya alikuwa ameondoka kimya kimya kwenda msalani, kwenye choo chake cha mabati kilicho mpakani mwa mashamba, kwa sababu hakuamini vyoo vya ndani ya nyumba. Na kando ya choo hicho alikuwa amesimama tembo dume, mkubwa, pembe moja imevunjika, vumbi jekundu la Ndara mgongoni. Alikuwa amesikia harufu ya maji ya tangi. Njiani akakutana na kona nzuri ya mabati, akaona ajikune kwanza.

Choo kikainama upande mmoja.

"Nimesema kuna mtu!" Mama Kavinya akafoka kutoka ndani. "Siku hizi hamna adabu?"

Kisha inaonekana alichungulia kwenye tundu, maana kilichofuata kilikuwa ni jina la Yesu, refu, la kupanda.

Majirani walikimbilia ndani ya nyumba, na Mwalimu Zephaniah aliingia kupitia dirisha, moja la Mulinge, akalisifu baadaye. Uani walibaki mafundi sita, wamekakamaa kwa hofu na kwa rangi.

"Bosi," Kaloki akasema bila kugeuza shingo, "hii ni filimbi ya ngapi?"

Mulinge alipuliza. Filimbi ilitoa mate. Akapuliza tena, ikalia, na tembo akapunga masikio, akaendelea kujikuna. Choo kikaanza kulia misumari. Mulinge alitafuta amri kichwani. Alitafuta Ludlam angefanya nini, akakumbuka kwamba Ludlam alinyeshewa na mvua. Hapo kichwa chake kikawa kitupu, na mkono wake, ambao haukuwahi kujua amri nyingine, ukaokota nyundo ya Kaloki ukapiga reli.

Reli ikalia. Hakuna aliyeuliza.

Mafundi sita walitupa mabomba yao. Mmoja alishika spana akaanza kugonga ngazi, mwingine akapiga paa la jukwaa, wawili wakavamia geti la nyumba, lenye simba wake, wakalitwanga kwa nyundo kutoka pande zote mbili. Kaloki aliwasha jenereta, akashika grainda akaikandamiza kwenye nguzo, nayo ikapiga ukelele, cheche zikaruka mpaka juu ya kile kitambaa cha KARIBU NYUMBANI. Ovaroli zilipasuka magotini na viwikoni, rangi ikaruka vipande vipande, na watu ndani yake wakaanza kukunja tena kama watu. Kelele hiyo, Voi huisikia kila stima ikirudi. Mbololo ilikuwa haijawahi.

Tembo aliacha kujikuna. Aligeuka, akatandaza masikio, akapiga hatua chache kuelekea kwenye kelele. Mulinge alikuwa ameshachomoa bati moja kwenye jukwaa, na badala ya kurudi nyuma alitembea mbele akilipiga kwa nyundo, akamzunguka mpaka akawa katikati ya tembo na choo, peke yake, na nyota za bega moja. Aliogopa. Lakini Mama Kavinya alikuwa ndani ya kile choo, na aliyejitolea kumlinda, tena kanisani, alikuwa ni yeye.

Kwa pembe ya jicho aliona dera. Shanice alikuwa amezunguka kupitia mahindini, ameinama, bila ndara. Alifika nyuma ya choo, akang'oa bati, akamtoa Mama Kavinya akambeba mgongoni, na kuondoka naye. Mulinge aliona hivyo, akajua sasa kazi yake ni kumfanya tembo amtazame yeye tu mpaka wafike salama. Akafungua mdomo akapiga kelele kwa nguvu zote alizonazo, kwa Kikamba, maneno ambayo mchungaji hapaswi kuyasikia.

Mama Kavinya, aliyekuwa akiangalia nyuma kutoka mgongoni mwa Luteni, huapa mpaka leo kwamba jua la alasiri liliingia mdomoni mwa Mulinge, likagonga lile jino, likamrudi tembo machoni. Anasema ndilo lililomshinda. Mulinge mwenyewe hajui. Anachojua ni kwamba tembo alisita, akatikisa kichwa, akageuka na kwenda zake. Njia yake ilipita kando ya jukwaa, akalipinda kwa bega, na kitambaa kikanasa kwenye pembe iliyovunjika. Alirudi Ndara nacho, KARIBU NYUMBANI ikipepea ubavuni.

Kelele zikafa moja moja. Ya mwisho ilikuwa grainda.

Mama Kavinya aliteremshwa chini. Alijipangusa leso, akatazama choo chake, akamtazama Mulinge.

"Hapo sasa," akasema. "Hayo ndiyo masufuria."

Mwalimu Zephaniah akatoa kichwa dirishani. "Ludlam," akasema taratibu, kama mtu anayesahihisha mtihani, "hakuwahi kuona tembo."

Mulinge alienda kukaa kwenye ngazi ya jukwaa lililopinda. Akaokota spana akafungua nyota zilizobaki, akazitia kwenye mkebe wa misumari. Bila hizo koti lilikuwa jepesi ajabu.

"Mimi ni mtu wa mageti, Kaloki," akasema.

"Ndiyo, bosi," Kaloki akasema. "Lakini hilo moja litabidi tulirudie. Simba amepoteza sura."

"Alikuwa nayo?" Mulinge akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu aanze biashara alicheka mwenyewe kuhusu yule simba.

Shanice akaja kutoka upande wa mahindini. Dera lilikuwa limechanika hadi gotini na mguu mmoja ulikuwa na damu kidogo. Alisimama pale vifaa vya Kaloki vilipokuwa, akavitazama. Akainama, akaokota kile kitu chenye kioo cheusi.

"Baba," akasema, "hii ni kofia?"

Mulinge alimtazama bila kuelewa. "Ni kofia. Kofia ya kuchomelea."

"Basi."

Akaivaa. Kioo kilifunika uso wote. Akabana visigino, bila ndara, kwenye vumbi, mgongo ukanyooka. Luteni alifunua kioo kwa mkono wa kushoto. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkono wa kulia ukapanda, haraka, umenyooka, ukasimama pembeni mwa kofia na kukaa hapo.

Mulinge aliinuka. Alikuwa ameingoja saa hiyo kuliko alivyowahi kungoja kitu chochote. Aliinua mkono wake, akausimamisha njiani.

"Mimi sina kofia," akasema.

Shanice hakushusha mkono. Watu walianza kutazamana. Ndipo Tryphena akatoka jikoni na sufuria ya wali, akamwaga wali wote kwenye sinia mbele ya wageni, akaja akamvika mumewe ile sufuria kichwani, ikiwa bado ya moto.

"Nyoosha mgongo, Baba Shanice," akasema.

Mulinge akanyoosha mgongo. Akapiga saluti. Chembe za wali zilimshuka kwenye paji la uso, na machozi nayo yakashuka mpaka mdomoni, yakapita juu ya lile jino la kijiko, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Kaloki hakujua aupeleke wapi uso wake. Akaokota nyundo, akapiga reli mara moja. Na mafundi, waliokuwa wameshakaa chini kungoja chai, wakainuka wote kwa pamoja bila kuuliza, wakaanza kugonga upya.